Ponte Vecchio: Maduka Hayaliangushi Daraja, na Mengine Yanayorudiwa Bila Kuchunguzwa

Haipiti siku pale Florence, Italia, bila mgeni kusimama ukingoni mwa mto Arno, kutazama vile vyumba vya njano vilivyoning'inia ubavuni mwa Ponte Vecchio, daraja la mawe lenye maduka juu yake, na kusema: "Mzigo wote huu, ipo siku daraja litaanguka." Mwenzake huongeza kwamba ndiyo maana watu waliacha kujenga maduka juu ya madaraja. Kauli hizi mbili zimerudiwa hadi zimegeuka elimu. Zote mbili si kweli, na ubaya wake ni kwamba zinamfanya mtu atazame juu wakati hatari ya daraja la mawe iko chini, majini.

"Maduka ni mzigo unaolielemea daraja"

Hili ndilo nitakalokaa nalo, maana ukilielewa hili umelielewa daraja zima.

Chukua boriti, ilaze juu ya nguzo mbili, uipakie mzigo. Itapinda: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Mti unavumilia kuvutwa, jiwe halivumilii. Ndiyo maana jiwe refu likilazwa kama boriti hupasuka kuanzia chini. Tao ni mpango mwingine kabisa. Mawe yake yamechongwa kama kabari, na uzito ulio juu hulibana kila jiwe baina ya majirani zake. Nguvu hushuka kwa kufuata mkunjo, jiwe kwa jiwe, hadi kwenye nguzo. Hakuna jiwe linalovutwa. Uzito ndio unaolifunga tao, na tao jepesi mno ni tao legelege.

Basi nini hulisumbua tao kutoka juu? Ni mzigo mzito uliokusanyika mahali pamoja, hasa kwenye robo ya urefu wake. Mzigo wa namna hiyo huisukuma njia ya nguvu itoke nje ya unene wa mawe. Hapo viungo hufunguka, mwanya unatokea upande mmoja wa jiwe, na mianya ya aina hiyo ikifika minne tao huwa kama mnyororo wenye bawaba na huporomoka. Dawa yake ya kale ni kuongeza uzito wa kudumu uliosambaa sawasawa, ili mzigo unaopita uwe mdogo ukilinganishwa nao. Na maduka ya Ponte Vecchio yamepangwa hivyo hasa: safu mbili, kulia na kushoto, kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.

Tuweke na hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya mawe na chokaa ni zaidi ya tani 2. Watu wanne wenye kilo 70 waliosongamana katika mita moja ya mraba ni kilo 280. Kwa hiyo ule umati wa Julai unaowatia watu hofu ni sehemu ndogo tu ya uzito ambao tao limejibebea lenyewe tangu 1345. Kuta nyembamba za duka, sakafu ya mbao na paa la vigae navyo haviwezi kushindana na mawe na kifusi kilichojazwa juu ya tao. Sisemi kwamba mtu anaweza kupandisha maghorofa apendavyo, maana kila tani inayoongezwa hatimaye inakanyaga msingi. Ila duka la sonara si ghorofa.

Na yule anayesema watu waliacha kujenga maduka juu ya madaraja kwa kuhofia uzito, asome historia ya miji mingine. Nyumba za daraja la kale la London ziliondolewa kabla ya 1762 kwa sababu barabara katikati yake ilikuwa nyembamba mno kwa magari ya farasi. Paris nayo ilivunja nyumba za madarajani karne ya 18, ikitaka njia pana na hewa. Sababu ilikuwa msongamano.

Tatizo halisi la matao bapa kama haya, yaani yasiyofikia nusu duara, ni msukumo wa pembeni. Ponte Vecchio ina matao matatu: la kati lina mita 30 kutoka nguzo hadi nguzo, ya pembeni mita 27 kila moja, na vimo vyao, kutoka pale tao linapoanzia hadi kileleni, ni kati ya mita 3.5 na 4.4. Kwa tao lenye mzigo uliosambaa sawasawa, msukumo wa pembeni hupatikana kwa kuzidisha uzito wote wa tao kwa urefu wake, kisha kugawanya kwa mara 8 ya kimo. Tao la mita 30 lenye kimo cha mita 4.4 na uzito wa tani 100 linasukuma nje kwa tani 85 kila upande. Lingekuwa nusu duara, lenye kimo cha mita 15, hesabu hiyo hiyo ingetoa tani 25. Jengo linataka kufunguka kama miguu ya mtu aliyekanyaga sakafu yenye sabuni, na kinacholizuia ni maegemeo ya kingo mbili za mto.

Nguzo za katikati je? Hapa ndipo ninapowaheshimu waliolijenga. Ukichukua kimo cha mita 4.4 kwa tao la kati na 3.5 kwa ya pembeni, kisha upige hesabu kwa mzigo ule ule kwa kila mita, misukumo ya pande mbili za nguzo inatofautiana kwa chini ya sehemu 2 katika 100. Tao refu limeinuliwa kidogo, yale mafupi yamelazwa kidogo, na nguzo iliyo baina yao inasukumwa huku na huku kwa nguvu karibu sawa. Haina haja ya kuwa nene kama ngome.

Kwa nini basi wajisumbue na tao bapa lenye msukumo mkubwa hivyo? Kwa sababu ya maji. Tarehe 4 Novemba 1333 Arno ulifurika. Giovanni Villani, mwanahistoria wa mji aliyeishi wakati huo, ameandika namna daraja lililokuwapo hapo lilivyokufa: magogo yaliyoletwa na mto yaliziba matao, maji yakakosa pa kupita, yakapanda hadi juu ya matao na kupita katika nyumba na maduka yaliyokuwa juu yake, yakaliangusha lote isipokuwa nguzo mbili za kati. Madaraja jirani, Ponte alla Carraia na Santa Trinita, yalianguka katika gharika hiyo hiyo. Angalia mpangilio wa mambo: kwanza magogo, kisha kuziba, kisha maji kupanda. Maduka yalikuwapo, ila kilichoua ni tundu dogo na mto uliozibwa. Villani alilaumu pia makingamaji ya vinu yaliyojengwa mtoni, yaliyoinua maji kabla hata mvua haijanyesha.

Sasa pima majibu ya 1345. Ukitaka kuvuka nafasi ya mita 84 za wazi kwa matao ya nusu duara yenye kimo cha mita 4.4, kila tao litakuwa na mita 8.8 tu. Utahitaji matao tisa au kumi, maana yake nguzo nane au tisa katikati ya mkondo, na kila nguzo ni mahali pa gogo kukwama. Ukitaka nusu duara pana la mita 30, kimo kinafika mita 15 na njia inakuwa mlima. Tao bapa lilitoa njia isiyo na mwinuko mkali na nguzo mbili tu mtoni.

Nguzo nyingi si uimara. Hili ningependa kila anayepanga kivuko juu ya mto wa mafuriko alisikie, maana mafundi wengi bado wanadhani kuongeza nguzo ni kuongeza usalama. Kila nguzo hupunguza njia ya maji, maji yaliyobanwa huenda kasi, na maji ya kasi huzunguka mguu wa nguzo na kuchimba. Mchanga ukiondoka chini ya msingi, nguzo inainama hata kwa sentimita chache, tao linapoteza egemeo, na hapo daraja lisilo na hata kibanda kimoja litaanguka.

Mtihani wa pili ulikuja tarehe ile ile, 4 Novemba, mwaka 1966. Maji yalipita ndani ya maduka, magogo yakagonga kuta, nyuma za maduka zikabomolewa na mkondo. Walinzi wa usiku walikuwa wamewaamsha masonara, na baadhi yao waliwahi kuokoa mali. Asubuhi maduka yalikuwa makopo yaliyojaa tope, na daraja lilikuwa limesimama. Kazi kubwa iliyofuata haikuwa kupunguza maduka. Katika miaka ya 1970 mwishoni, wahandisi walishusha sakafu ya mto chini ya Ponte Vecchio na chini ya Santa Trinita kwa takriban mita 1, ili maji mengi zaidi yapite. Walitibu palipouma.

Kuhusu vile vyumba vya njano vyenyewe. Havikuwapo 1345. Maduka ya mwanzo yalikuwa mali ya mji na yalikodishwa, yakiwa yamepangwa kwa safu za kulingana. Mji uliyauza kwa watu binafsi 1495, na wenye mali wakaanza kutafuta nafasi. Mbele kuna barabara, pembeni kuna jirani, kilichobaki ni hewa iliyo juu ya mto. Wakatoboa nyuma na kusukuma vyumba nje, vikashikiliwa na mbao za mshazari zilizochomekwa ukutani kama mkono unaobeba sinia. Vingi ni vya karne ya 17. Udhaifu wao ni wao wenyewe: ubao huoza pale unapoingia ukutani, kwa sababu unyevu unakaa ndani ya tundu bila kukauka, huku sehemu ya nje ikionekana nzima. Anayekagua hapigi nyundo katikati ya ubao. Hupiga karibu na ukuta, na kusikiliza kama unatoa mlio mkavu au mzito. Chumba kimoja kikidondoka mtoni ni hasara ya mwenye duka, lakini tao halitajua.

Kama kweli unataka kujua afya ya daraja la mawe, lolote lile, angalia haya. Ufa unaokwenda sambamba na njia, chini ya tao, karibu na ukingo: maji yameingia kwenye kifusi, kifusi kimevimba na kinausukuma ukuta wa pembeni nje. Magadi meupe kwenye viungo: maji yanapita ndani na kuiosha chokaa. Majani na vichaka: mizizi inafungua njia kwa maji. Jiwe moja lililoshuka kuliko wenzake: hapo ita mtaalamu siku hiyo hiyo. Na tafadhali, usizibe viungo vya kale kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui, kwa hiyo maji yanayotafuta pa kutokea hupita katika jiwe lenyewe na kulimenya ganda kwa ganda. Chokaa iende mahali pa chokaa.

"Ni daraja la Warumi"

Warumi walikuwa na daraja maeneo hayo, lakini si hili. Kivuko cha hapo kimetajwa kwenye maandishi ya 996, mafuriko ya 1117 yakakibeba, kilichofuata kikaenda 1333. Unachokikanyaga ni cha 1345. Hata jina "Daraja Kongwe" halina maana ya kale kuliko yote. Lilipewa ili kulitofautisha na Ponte alla Carraia, lililojengwa karne ya 13 na kuitwa kwanza Daraja Jipya.

"Ni daraja la kwanza duniani lenye tao bapa"

Hapana. Warumi walijenga matao bapa, na mabaki ya daraja la Limyra nchini Uturuki ni ushahidi tosha. China, daraja la Zhaozhou lilikamilika kama 605 likiwa na tao moja bapa la mita 37 hivi, refu kuliko tao lolote la Ponte Vecchio, na bado limesimama. Sifa ya Florence ni kulirudisha wazo hilo kwa ukubwa huu katika Ulaya ya zama za kati, na hiyo yatosha.

"Taddeo Gaddi ndiye aliyelijenga, imethibitishwa"

Aliyemtaja Gaddi, mchoraji wa Florence, ni Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, miaka 200 baadaye. Wanahistoria wengi wa leo humtaja Neri di Fioravante. Anayekuambia jina moja kwa uhakika kamili anakuuzia uhakika asiokuwa nao.

"Tangu mwanzo lilikuwa daraja la dhahabu"

Tangu mwanzo lilikuwa la biashara mchanganyiko, na kuanzia 1442 mamlaka ya mji iliwakusanya wauza nyama hapo, kwa sababu nzuri tu: taka za bucha zilitupwa moja kwa moja mtoni badala ya kuozea vichochoroni. Mwaka 1593 Mtawala Ferdinando I akaamuru mabucha yaondoke na masonara waingie. Hapa waelezaji wengi hukosea tena wakisema mabucha yalifukuzwa mara tu ujia wa mtawala ulipojengwa juu ya maduka. Ujia ule, Corridoio Vasariano, ulijengwa 1565, kwa miezi mitano, kwa ajili ya harusi ya Francesco de' Medici na Johanna wa Austria. Watawala walipita juu ya harufu ya nyama kwa miaka 28 kabla ya amri kutoka.

Ukifika, nenda saa moja asubuhi kabla hawajafungua. Milango ya maduka ni mbao nzito zenye bawaba ndefu za chuma na misumari yenye vichwa, na ikiwa imefungwa kila duka linafanana na kasha kubwa la mbao, kama yale makasha ya harusi ya pwani yetu. Mchana hutaona hata moja, utaona migongo ya watu.

Kwenye ncha ya kusini tazama juu. Ujia unafika kwenye mnara wa Mannelli, kisha unakunja na kuuzunguka, ukiwa umebebwa na mikono ya mawe iliyotokeza ukutani. Familia ya Mannelli ilikataa mnara wake utobolewe, na ujia wa mtawala ukazunguka. Ujia huo ulifunguliwa tena kwa wageni Desemba 2024.

"Neno la kufilisika lilizaliwa hapa"

Masimulizi ni kwamba mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa alivunjiwa meza yake palepale darajani, ndipo likaja neno la Kiitaliano *bancarotta*, yaani meza iliyovunjika. Neno ni la Kiitaliano kweli, na meza ilikuwa ofisi ya mbadilisha fedha katika miji mingi ya Italia. Hakuna kinacholifunga neno hilo na daraja hili.

"Vita havikuligusa"

Usiku wa kuamkia 4 Agosti 1944 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma, lililipua madaraja yote ya Florence isipokuwa hili. Wengi huishia hapo. Lakini ili kuwazuia Washirika, yaani majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao, wasilitumie, Wajerumani walilipua mitaa ya nyumba za zama za kati kwenye ncha zake zote mbili, vifusi vikaziba njia. Ndiyo maana majengo unayoyapita ukikaribia daraja kutoka upande wowote yana sura ya baada ya vita. Kwamba ni Hitler binafsi aliyeamuru liachwe husemwa sana. Kilichoandikwa kwenye bamba lililowekwa darajani 2007 ni jina la Gerhard Wolf, balozi mdogo wa Ujerumani mjini hapo, kwa juhudi zake za kulinusuru. Jirani yake Santa Trinita, kazi ya Ammannati ya karne ya 16, ililipuliwa na ikajengwa upya kwa mawe yaliyookolewa mtoni, ikafunguliwa 1958.

"Hakuna lingine kama hili"

Yapo. Rialto ya Venice, tao moja la mawe la Antonio da Ponte, 1588 hadi 1591, ina safu za maduka na imekaa juu ya maelfu ya magogo yaliyopigiliwa kwenye tope. Pulteney Bridge ya Bath nchini Uingereza, kazi ya Robert Adam, ilikamilika 1774. Na Krämerbrücke ya Erfurt, Ujerumani, ya mawe tangu 1325, ina nyumba 32 ambazo watu wanalala ndani yake hadi leo. Ukivuka hiyo huoni mto kabisa. Unadhani uko mtaani.

"Kufuli la wapendanao ni mila ya daraja"

Si mila ya daraja, ni ya juzi, na mji unatoza faini. Uzio unaofungiwa makufuli unazunguka sanamu ya kichwa cha Benvenuto Cellini, sonara, iliyotengenezwa na Raffaello Romanelli na kuwekwa 1901. Chuma kinapata kutu, kutu inachuruzika juu ya jiwe, na doa la kutu kwenye jiwe halitoki kwa maji na brashi. Acha kufuli nyumbani. Nenda Ponte alle Grazie, upande wa juu wa mto, usimame katikati: utaona ncha za nguzo mbili zilizochongoka kuupasua mkondo, matao matatu mapana, ujia wa Vasari ukikatiza kwa mstari mmoja, na chini yake zile mbao za mshazari zikiwa zimebeba vyumba vya njano.